Moto Una Mwenyewe: Makonde ya Makunduchi na Sisi Tulioko Woolwich



Ndugu wanaokikusanya kitabu chetu cha mwaka waliniomba niandike habari ya kale itakayowafaa vijana waliozaliwa hapa Woolwich. Nia yangu ya kwanza ilikuwa kuandika juu ya skuli zetu za zamani, kwani huko ndiko nilikomaliza umri wangu wa kazi. Lakini swali moja la mjukuu wangu lilinigeuza.

Ilikuwa tarehe 19 Julai 2022, siku ambayo joto la Uingereza lilipita nyuzi 40 kwa mara ya kwanza tangu watu waanze kulipima. Ng'ambo ya pili ya mto Thames, katika kijiji cha Wennington, moto wa majani makavu ulivuka ua na kuteketeza nyumba za watu. Tulikuwa tumekaa sebuleni tunatazama habari, mapazia tumeyashusha. Mjukuu wangu akanigeukia akasema, "Babu, si ulitwambia kwenu watu walikuwa wakichoma makonde yao kwa makusudi? Walikuwa hawaogopi?"

Nilimjibu kwa haraka kwamba waliogopa sana, na ndiyo maana hawakuunguza nyumba za watu. Lakini usiku nilipolala niliona kuwa jibu lile halikutosha, na tena halikuwa kweli tupu. Basi haya ndiyo majibu yangu kamili, pamoja na kosa langu mwenyewe ambalo sikumwambia siku ile.

Kwanza, tuelewane juu ya neno. Kwetu Unguja, shamba na konde si kitu kimoja. Shamba ni mahali pa miti ya kudumu, kama minazi, mikarafuu na miembe. Konde ni mahali pa mazao ya msimu, kama mtama, mhogo, kunde, choroko na mbaazi. Shamba hurithiwa pamoja na miti yake. Konde hulimwa miaka michache, kisha huachwa lipumzike mpaka pori lirudi.

Makunduchi iko kusini mashariki ya kisiwa, na ardhi yake kubwa ni maweni, yaani mawe ya matumbawe yaliyokuwa chini ya bahari zama za kale. Udongo uko, lakini umejificha ndani ya mashimo na nyufa za mawe, hapa pishi moja, pale kibaba. Jembe halifai kitu. Likipigwa hutoa cheche. Wazee wetu walitumia muo, mti uliochongwa ncha, wakatafuta kila tundu lenye udongo na kutia mbegu. Mgeni akipita husema hapa hapaoti kitu. Sisi tulikula hapo.

Yafaa vijana wajue pia kwa nini watu wengi walilima juu ya mawe. Karne ya 19 mikarafuu ilipoenea Unguja, ardhi nono ya magharibi na kaskazini ya kisiwa ilijaa mashamba ya biashara, na wenyeji wengi walibaki upande wa mashariki na kusini. Tarehe 15 Aprili 1872 tufani kubwa iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya Unguja, ikabidi mashamba yapandwe upya. Mkarafuu hungojwa miaka mingi kabla ya kuzaa. Mtama na kunde havingojwi hivyo. Mtu wa maweni hakuwa tajiri, lakini mvua zikimjia vyema alivuna mwaka ule ule alioufyeka msitu wake. Na kilichomwezesha kuvuna ni moto.

Sasa nieleze kazi yenyewe kama nilivyoiona utotoni, miaka ya mwisho ya 1960 na mwanzo wa 1970, nikifuatana na marehemu babu yangu, Mungu amrehemu.

Mtu hakujiendea tu na shoka. Pori lilikuwa la mji. Mji ulikuwa na wazee wake walioitwa watu wanne, na palikuwa na mvyale, mtu wa ukoo uliotambuliwa kuwa na dhamana ya ardhi ile tangu kale. Mwenye kutaka kufungua konde jipya alipeleka habari kwao. Ukishafyeka, konde ni lako maadamu unalilima na alama za kazi yako zinaonekana. Ukiliacha likarudi kuwa msitu, limerudi kwa mji. Haya si maneno ya babu peke yake. Bwana R. H. W. Pakenham aliandika habari za ardhi ya Wahadimu wa Chwaka, zikachapishwa mwaka 1947, na Bwana John Middleton akachapisha kitabu chake juu ya ardhi ya Zanzibar mwaka 1961. Nilipovisoma ukubwani niliona mengi niliyokwisha kuyasikia barazani, na barazani sikutozwa ada.

Baada ya vuli kumalizika na kaskazi kushika, wanaume walifyeka. Vichaka vilikatwa kabisa, lakini miti mikubwa yenye faida iliachwa. Miti mingine ilikatwa usawa wa goti na visiki vikabaki hai, ili siku konde likipumzishwa msitu uchipue upesi. Nasisitiza jambo hili, maana watu husema wazee waliua msitu. Mwenye kutaka kuuua msitu hung'oa visiki.

Kuni zilitolewa kwanza, na fito za kujengea. Kilichobaki kilitandazwa kikauke, na vijiti vikakusanywa mabiwi mabiwi. Kisha ilikuja kazi iliyokuwa ya wote, wanawake na watoto pia, ya kufagia njia ya moto. Ilikuwa ukanda uliozunguka konde lote, upana wa hatua kadhaa za mtu mzima, usiobaki hata jani moja. Palipokuwa na bigili, ule ukuta wa mawe wa kuzuia nguruwe mwitu, ukuta wenyewe ulisaidia, lakini babu hakuuamini peke yake. Alisema nguruwe hawezi kuruka na kaa la moto mdomoni, upepo unaweza.

Siku ya kuchoma ilitafutwa kwa hesabu. Wazee walifuata mwaka wa Nairuzi, ambao asili yake ni Uajemi, wenye siku 365. Siku hizo zilihesabiwa kwa miongo, yaani kumi kumi, tangu Siku ya Mwaka. Mtu hakusema "mwezi wa Februari". Alisema "mia mbili imeingia," na kila mtu akajua kuwa masika hayako mbali. Hesabu hii haina siku ya nyongeza ya mwaka mrefu, kwa hiyo hurudi nyuma siku moja kila miaka minne, lakini kwa mkulima ilitosha, maana aliitazama pamoja na mbingu na upepo. Ukichoma mapema mno, upepo hupeperusha majivu kabla ya mvua. Ukichelewa, mvua hulowesha miti na haishiki moto. Palikuwa na siku chache tu zilizofaa.

Siku hiyo ilipofika, majirani waliarifiwa jana yake. Kuchoma bila kumwarifu jirani lilikuwa jambo la aibu. Baada ya sala ya alasiri, upepo ukianza kulegea, babu alisoma fatiha akachukua kaa la moto ndani ya kifuu. Hakuanzia upande upepo unakotoka. Alianzia upande unakokwenda, kusini magharibi, kwa kuwa kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki. Moto ulioanzishwa hivyo hulazimika kurudi nyuma dhidi ya upepo, taratibu, ukiacha mkanda uliokwisha kuungua. Mkanda ule ukishakuwa mpana ndipo huwashwa upande wa pili, na moto mkubwa ukija mbio hukuta hauna cha kula. Watu walisimama pande zote wakishika matawi mabichi, na mitungi ya maji iko tayari.

Hapa ndipo ninapofika kwenye kosa langu.

Nilikuwa na umri wa miaka 11. Niliwekwa upande ule wa kusini magharibi, uliokwisha kuungua, kwa kuwa ndio ulioonekana salama kwa mtoto. Kazi yangu ilikuwa kutazama tu. Nikatazama mpaka nikachoka. Nikaona moshi mwembamba tu. Nikasikia wenzangu wanacheka kwenye mnazi kule ng'ambo, wanaangua madafu. Nikaenda. Niliporudi, kisiki kimoja kilichokuwa kikifuka kilikuwa kimerusha cheche upande wa pili wa njia ya moto, na majani ya bibi mmoja jirani yetu yalikuwa yanawaka. Watu walikimbilia wakauzima, lakini miche yake mitatu ya minazi ilikuwa imekwisha kuungua, na mzigo wa kuni aliokuwa amejiwekea.

Babu hakunipiga. Jioni alinichukua kwa yule bibi, akaketi chini, akasema, "Moto una mwenyewe. Mwenyewe ni mimi." Nikataka kusema kwamba mkosa ni mimi, akanizuia kwa mkono. Mwenye kuwasha ndiye mwenye moto, hata kama aliyelala zamu ni mtoto. Alilipa miche sita badala ya mitatu, na kuni mizigo miwili. Hukumu yangu ilikuwa kuibebea maji miche ile mpaka ishike, na kisima kilikuwa mbali. Mpaka leo nikisikia neno "dhamana" naona ndoo.

Turudi kwenye elimu yake. Kwa nini kuchoma? Methali yetu yasema moto hauzai moto, na kwa kawaida tunamwambia hivyo mtoto wa mtu hodari aliyekuwa mvivu. Lakini mkulima hakutaka moto uzae moto. Alitaka hasa yale majivu. Ndani ya majivu mna potasiamu, chokaa na fosforasi ambazo miti ilizikusanya kwa miaka kutoka katika nyufa ambazo mizizi ya mtama haifiki. Moto huziachia zote kwa siku moja, tayari kwa mbegu. Tena huunguza mbegu za magugu na wadudu, na huacha mahali peupe ambapo mtu huona kila tundu la kupandia.

Hata hivyo moto una bei yake. Naitrojeni na salfa nyingi huondoka na moshi. Majani ambayo yangeoza na kuushika unyevu huwa yamekwisha. Ndiyo maana mwaka wa kwanza huwa mzuri, wa pili wa wastani, na wa tatu mhogo tu ndio unaokubali. Dawa ya hasara hiyo ni kupumzisha. Babu yangu hakukirudia kipande kabla ya miaka saba, na alipoweza alingoja zaidi ya kumi. Moto bila ya kupumzisha ardhi ni kula akiba. Wazee hawakujua jina la naitrojeni, lakini walijua kungoja.

Vijana mliokwenda kwetu mwezi wa Julai mmeuona Mwaka Kogwa. Mmeona wanaume wa pande mbili wakipigana kwa migomba, na wanawake wakiimba kwa nguo mpya. Mmeona pia kibanda cha makuti kinachojengwa kisha kikatiwa moto, na watu wanakimbilia, na wazee wanatazama moshi unaelekea wapi. Watu wameeleza maana nyingi. Mimi nasema lililo wazi ni kwamba mji mzima, mara moja kwa mwaka, hufanya zoezi la kukimbilia moto pamoja na kuutazama upepo. Watu walioishi kwa kuchoma makonde walikuwa na haja ya kulikumbuka jambo hilo.

Wala tusidhani kuwa haya ni mambo ya Waafrika peke yao. Mimi nilifika Woolwich mwaka 1986. Mwezi wa Agosti nilipanda treni kwenda Kent, nikaona moshi mweusi juu ya mashamba, nikasimama dirishani. Walikuwa wanachoma mabua ya ngano baada ya kuvuna, ili walime na kupanda tena. Walikuwa na masharti yao, na la kwanza ni lile lile la babu, ukanda wa kuzuia moto. Lakini moshi ulifunika barabara, ukasumbua watu majumbani, na kuanzia mwaka 1993 jambo hilo likakatazwa Uingereza na Wales, isipokuwa kwa sababu maalumu. Na zamani zaidi, karne ya 17 na 18, wakulima wa Devon walijulikana kwa kukata tabaka ya majani pamoja na mizizi, kuikausha, kuichoma na kumwaga majivu shambani. Njia hiyo ikaitwa kwa jina la mkoa wao.

Tena tukumbuke Kongwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango wa kulima karanga Tanganyika, ikitazamia eka zaidi ya milioni tatu. Pori lilisukumwa kwa mashine nzito, nyingine zikiwa zimetengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Visiki viling'olewa, mizizi ikavutwa, na ardhi ya Kongwa ilipokauka ikawa ngumu kama sakafu, na mvua nayo haikutosha. Januari 1951 mpango ukavunjwa, na pauni zipatazo milioni 36 za Waingereza zikafutwa katika hesabu. Siseme haya kwa kuwacheka. Nasema ili mjukuu wangu aone kuwa akili haipimwi kwa ukubwa wa chombo. Babu alikuwa na kifuu na kaa moja, lakini alilijua pori lake, na mwisho wa mwaka hakudaiwa.

Lakini ningekuwa mwongo kama ningeishia hapo, nikawaacha mkidhani kwamba dawa ni kurudi kwenye desturi ya babu kama ilivyo. Dunia yake imeondoka. Hesabu ya watu ya mwaka 1967 iliwakuta Wazanzibari wapatao 354,000. Ya mwaka 2022 iliwakuta 1,889,773, na visiwa havikuongezeka hata shubiri. Kuni na mkaa wa mji hutoka katika maweni yale yale, na miti ya kuchomea chokaa pia. Muda wa kupumzisha makonde umepungua mahali pengi. Sheria ya misitu ya mwaka 1996 imeweka mipaka, na mwaka 2004 Jozani na Ghuba ya Chwaka ikawa hifadhi ya taifa, makao ya kima punju asiyepatikana porini mahali pengine ila Zanzibar. Na ufuko wa mashariki umejaa hoteli.

Mwaka 2023 mpwa wangu aliyeko Makunduchi alinipigia simu. Kipande alicholima babu kilikuwa kimelala miaka mingi, na jamaa walitaka kukifungua tena wapande mhogo na kunde, na baadaye minazi, ili isije ikasemwa kwamba ukoo wetu hauna tena alama pale. Aliniuliza kama mkubwa wa ukoo niliyebaki. Mimi nikiwa nimeketi jikoni Woolwich, mvua inapiga dirisha, nikakumbuka harufu ya moshi na nikajibu kwa neno moja, "Chomeni."

Akanyamaza kidogo kwa adabu. Kisha akasema, "Mjomba, nisamehe. Upande ule wa kusini magharibi siku hizi si kwa bibi. Ni nyumba ya wageni, na mabanda yake yameezekwa kwa makuti."

Upande ule ule. Nikahisi mkono wa babu umenizuia tena. Ningekuwa nimewasha moto kwa simu, kisha kama cheche ingeruka nani angekwenda kuketi chini mbele ya jirani na kusema mwenyewe ni mimi? Angekwenda yeye, mpwa wangu, kwa moto wa mjomba aliyeko Ulaya. Nikamwomba radhi, nikamwambia waende kwa sheha na kwa wazee waulize, na watakaloambiwa na waliopo ndilo.

Waliambiwa wasichome konde zima. Wakafyeka sehemu yake tu, robo hivi, visiki wakaviacha. Majani walitandaza chini yaoze na kuushika unyevu. Vijiti vikavu peke yake, vyenye magugu mabaya, vilikusanywa mabiwi madogo katikati, mbali na mipaka, vikachomwa kimoja kimoja alfajiri kukiwa na umande, jirani ameshaarifiwa na watu wanne wamesimama na maji. Majivu walitia katika mashimo ya kupandia. Mwaka wa kwanza kunde zilikuwa haba kuliko za babu, na mpwa wangu alinieleza bila kunificha. Mhogo ulikubali. Miche ya minazi ni sita. Sikuwaambia idadi hiyo. Walinunua sita kwa kuwa ndiyo iliyotosha fedha, nami niliposikia nilinyamaza.

Basi, mjukuu wangu, jibu lako ni hili. Wazee wetu walichoma kwa akili, kwa hesabu na kwa woga. Walikuwa na watu wa kusimama kila upande, na palikuwa na mtu mmoja anayejulikana kuwa moto ni wake. Mahali ambapo mambo hayo hayapo, kuchoma si desturi ya wazee, hata kama tunaita hivyo. Na sisi tulio mbali, tunaotuma fedha na amri kwa pamoja, tujifunze kutuma fedha na swali. Anayesimama kondeni ndiye anayeujua upepo.

Namwomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, awape nguvu waliobaki nyumbani, na atukutanishe tena mwakani kwa heri.